Wimbo wa Kumtukana Amolo

Mwaka wa tisini na mbili Amolo alikuwa akipiga gitaa la besi katika bendi ya Obiero, kwenye klabu moja pale Kawangware, stage ya matatu ya 56. Walikuwa watano, wapangaji wa Mashimoni wote, Kibera. Jumamosi moja mchana, Nderitu mwenye klabu aliwaonyesha mashine mbili mpya za kuchezea santuri, na spika ndefu kuliko mtu.

"Nani anajua kutumia hii kitu?"

Wanne walitazama chini. Amolo, ambaye naye hakujua lolote, akasema, "Mimi."

Alidhani mashine zitalia bendi ikipumzika. Nderitu alitaka bendi ipumzike moja kwa moja. Juma lililofuata Amolo alikuwa DJ, na wenzake wanne hawakuwa na kazi. Obiero hakugombana. Alisema tu, "Sawa, omera, ndugu yangu. Kazi njema," na miaka mitatu ikapita bila neno jingine.

Amolo alivuma. Alijiita Profesa, akavaa koti zito na miwani myeusi ndani ya ukumbi wenye giza, akawa anataja majina ya wateja kwa maikrofoni kabla hata hawajaketi. Sugu za nyuzi za gitaa zilimwisha vidoleni. Mkewe Sella, mwenye saluni karibu na stage, alimwambia, "Siku hizi jasho lako ni la hilo koti tu."

Mwaka wa tisini na tano alifungua lebo ya kurekodi muziki, Profesa Sounds. Ofisi ilikuwa nyuma ya pazia la saluni. Alianza na vijana wa kurap, waliokuwa wakiimbia puani ili wasikike kama Wamarekani. Kaseti zao zilirundikana bila wanunuzi hadi Sella akayageuza maboksi kuwa viti vya wateja. Na pale klabuni watu walishaanza kulalamika: "Buda, weka ile ya gitaa! Ile ya kina Obiero!"

Basi akarudi Mashimoni. Obiero sasa alikuwa akiuza maji kwenye kioski.

"Niaje, omera. Nataka tukarekodi," Amolo alisema.

Obiero hakuinua macho kutoka kwenye mtungi aliokuwa akiujaza. "Wimbo mpya ninao mmoja tu."

"Unahusu nini?"

"Rafiki."

Amolo aliguswa. Akavua miwani, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Bendi ilikutana studio mjini, na mtu mwingine kwenye besi. Amolo alikaa nyuma ya kioo pamoja na Kalondu, fundi wa mitambo, ambaye hakujua neno la Kijaluo na alikuwa akitingisha kichwa kwa raha. Katika ubeti wa pili Amolo alisikia jina lake. Amolo aliyeuza ndugu wanne akanunua miwani. Amolo, vidole vyako vimekufa, sasa unabonyeza kama mtoto aliyepewa redio.

Kitufe cha kusimamisha kilikuwa karibu naye. Aliunyoosha mkono. Lakini gitaa la Obiero lilikuwa limeshachomoka, linakimbia juu ya ngoma, na Amolo hakuwa amesikia kitu kitamu hivyo tangu alipokuwa mmoja wao. Mkono ulibaki hewani hadi wimbo ukaisha.

Wale wanne walimtazama kupitia kioo. Walikuwa tayari kwa ngumi.

"Turudie," Amolo alisema. "Hapo kwa jina langu, besi imechelewa."

Wimbo ulishika Kawangware yote, ukavuka hadi Silanga, kule Kibera. Mara ya kwanza alipoupiga klabuni, watu walimnyooshea vidole wakipiga kelele, "Amolo! Amolo!" naye akatamani sakafu immeze. Kisha mtu asiyemjua akamletea soda. Mwingine akaomba kupiga picha naye. Nyimbo za namna ile zilizoea kutaja matajiri tu, na wasiojua Kijaluo waliamini anasifiwa. Waliojua walimwonea wivu zaidi: kumbe ni mkubwa kiasi cha kutukanwa kwenye kaseti!

Mwezi haukuisha kabla Wekulo, mwenye duka la hardware, hajaingia nyuma ya pazia la saluni. "Mimi pia nataka nitukanwe," alisema. "Yule mzee wa bendi anitafutie kitu."

Obiero alikuja mbio kulalamika. "Omera, wimbo ule niliutunga kwa uchungu! Sasa nimekuwa fundi wa matusi?"

Lakini alikubali. Siku ya kurekodi Wekulo alikuja na suti, akatafsiriwa maneno, na uso ukamshuka.

"Eti nina tumbo kubwa? Ni hilo tu? Amolo ametukanwa vizuri kuliko mimi."

"Sina chuki na wewe, mzee," Obiero alisema, ameishiwa nguvu. "Itoke wapi?"

Amolo akafungua maikrofoni ya upande wake wa kioo. "Obiero," alisema kwa upole, "imba jina lake, lakini unifikirie mimi."

Obiero alimtazama kidogo. Halafu akakaza nyuzi, na safari hii lilitoka tusi la kutisha, hata Wekulo akapiga makofi.