Uso wa Kwenye Pakiti

Pakiti ya majaribio ya chai yetu ilikuwa mezani kwa Bwana Onchiri, na mwanzoni sikumtambua msichana aliyekuwa juu yake. Kitambaa cha kichwani kilikuwa changu, na kikapu pia. Lakini uso ulikuwa wa mtu aliyelelewa mbali na jua. Ngozi walikuwa wameing'arisha, na pua wakaichonga ikawa nyembamba.

"Si umetoka vizuri?" akauliza Bwana Onchiri, afisa wa mauzo wa kiwanda chetu kidogo cha wakulima, nje ya Litein. "Wanunuzi wa ng'ambo wameipenda sana. Weka sahihi kwa hii fomu ya ruhusa tuchapishe."

Nilikuwa nimekuja na Wilkista, ambaye tunachuma majani ya chai naye bega kwa bega, kwa sababu nikiwa peke yangu ofisini husema ndiyo hata kabla swali halijaisha. Aliichukua ile pakiti, akaigeuza.

"Nelvine, huyu ni nani? Binamu yako wa Ulaya?"

"Ni mwanga tu, dada," akasema Bwana Onchiri.

"Mwanga gani huo unachonga pua?"

Nilicheka, kisha nikajigusa shavu. Nikiwa chuoni Kabianga nilijipaka krimu ya kung'arisha ngozi kwa mihula miwili. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimechoka tu kuitwa "yule mweusi" na watu weusi kama mimi. Mashavu yaliungua, nikawa naingia darasani nimejifunika leso. Ilinichukua mwaka mzima kujitazama kwenye kioo bila kuona aibu. Uso huu niliurudia kwa machozi, na sasa mtu mmoja mwenye kompyuta alikuwa ameninyang'anya tena.

Hasira iliyonipanda haikuwa ya pakiti peke yake. Nilimkumbuka nyanya yangu, aliyechuma chai kwenye shamba la wazungu akiitwa kwa namba. Nikamkumbuka mama, ambaye huchuma tangu alfajiri, na kadi ya mkulima, ile ya kupokelea malipo, ina jina la baba. Miaka yote hiyo walichotaka kwetu ni mikono. Siku wanayohitaji uso, kumbe hata huo lazima waubadilishe.

"Bwana Onchiri, sitaweka sahihi." Sauti ilitetemeka, nikaiacha itetemeke.

"Usikasirike, Nelvine. Soko ndilo linataka hivyo. Na wasichana wako wengi, mwingine atafurahia."

"Mwite. Lakini kwanza umwonyeshe picha zangu zote mbili, hii na ile mliyonipiga shambani, ajue mtamfanya nini."

"Usisumbuke kuwaita," akadakia Wilkista. "Nitawaambia mimi mwenyewe, kesho asubuhi tukipima majani."

Bwana Onchiri alivua miwani akaifuta. Alikijua kituo chetu cha kupimia majani. Kufikia saa nne habari ingekuwa imevuka hadi Merigi.

"Sasa mnataka nini?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo kwenye ofisi yoyote. Nilishangaa kwamba jibu nilikuwa nalo.

"Picha ya kwanza, vile ilivyo. Na jina langu chini yake."

"Wanunuzi wakikataa?"

"Watakuwa wamenikataa mimi, si yule. Hilo naliweza."

Akaifungua picha ya kwanza kwenye kompyuta. Jasho lilikuwa limenikaa juu ya mdomo. Shavu la kushoto bado lilikuwa na doa la ile krimu, na nilikuwa nacheka huku meno yote yakionekana. Wilkista alisogea karibu kuiangalia.

"Haya, leta kiti," Bwana Onchiri akasema. "Tuwaandikie."

Nikaketi kando yake. Alipiga herufi polepole, kwa vidole viwili, akimweleza mnunuzi kwamba picha imebadilika. Alipofika kwenye jina aliandika Nelvine, akaweka nukta.

"Nelvine Chelangat," nikamwambia. "Ondoa hiyo nukta."

Akaiondoa, akaongeza Chelangat. Barua pepe ikaenda. Fomu niliikunja nikaitia mfukoni bila sahihi, hadi jibu lije.