Jicho ya Kushoto ya Lusenge

Mwaka hii balitangaza ku radio kama permis ya zamani ya kutembesha gari itakufa. Kila chauffeur atatafuta ya mupya, na mbele ya kuipata, docteur apime macho yake na aweke saini. Mu Butembo batu balicheka kwanza. Kisha kila mutu akaanza kuhesabu ndugu yake mwenye haonake muzuri, na kicheko ikaisha.

Mutoto yangu Lusenge anatembeshaka camion ya maharagi kati ya Butembo na Beni, mwaka kumi na moja sasa. Jicho yake ya kushoto haionake. Inafunguka na kufungika kama ile ingine, mais ndani iko giza. Siku alichukua permis ya kwanza, hakuna mutu alimuuliza juu ya macho.

"Ile permis yako uliipataka kama vile batu banapataka kuku ku soko," Emérence, bibi yake, alimuambia. Tulikuwa tunapepeta maharagi mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu hapa Bulengera. "Tena kuku ina bahati. Kuku banaigeuzaka kwanza, banaangalia."

"Weye mwenye macho mbili nzima, ndiyo weye ulinichagua," Lusenge alijibu.

Emérence alicheka mpaka akaweka lungo chini. Miye niliendelea kutosha majiwe mu maharagi.

Lusenge alienda ku hospitali siku ya kwanza ya juma. Magaribi alirudi na uso ya mutu mwenye kufiwa. Docteur Mbusa alimusimamisha mbele ya lettres za ku ukuta. Lusenge akafunika jicho ya kushoto, akasoma yote. Docteur akamuambia ageuze. Lusenge akageuza mukono, akafunika tena ile ile ya kushoto.

"Akaniambia: Papa, hiyo ulikwisha kuifunika, sasa tupumzishe ile ingine," Lusenge alituelezea. "Nikasema nilizaliwaka hivi. Akasema kama ni ugonjwa ya kuzaliwa, iko na namna ya kwenda ku jicho ya pili, donc hawezi kuweka saini. Anataka mutu mwenye alinionaka nikiwa mutoto. Mama, kesho tutaenda sisi wawili. Utamuambia haikunisumbuaka hata siku moja."

Nikamujibu: "Tutaenda."

Ile usiku sikulala. Mwaka makumi tatu na nane nilikuwa nabeba ile maneno. Mukristo kama miye, mwenye anasimamaka mbele ya bamama na kufundisha juu ya kweli.

Asubui docteur alinipa kiti. Alikuwa kijana, mais mwenye heshima.

"Shikamo, Mama. Mutoto alizaliwa na hii jicho?"

Lusenge alikuwa nyuma yangu. Nilisikia namna anapumua. Kama nasema ndiyo, kazi yake imekufa, na nimemuzika na uongo yangu mara ya pili. Kama nasema hapana, atajua.

"Hapana," nilisema. "Alizaliwa na macho mbili mazuri."

"Mama?" Lusenge alisema.

Sikugeuka. Kama ningegeuka, singemaliza.

"Tulikuwa tunaishi Kipese. Alikuwa na miezi munane. Jicho ikawa nyekundu, ikatosha usaha. Ilikuwa siku ya soko, na mashu yangu, kabichi za kuuzisha, ilikwisha kukatwa, ilikuwa inangoja mu kitunga. Nikakumbuka majani chungu yenye tulikuwa tunakamua mu macho ya mbuzi wakati inagonjwa. Mbuzi ilikuwa inapona. Nikakamua mu jicho ya mutoto, nikamufunga ku mugongo, nikaenda soko. Alilia njia yote. Nikafikiri ni njaa. Ku soko akanyamaza, nikashukuru Mungu. Kisha siku tatu, jicho ikawa nyeupe kama maziwa. Baba yake alikuwa safari, kule Luofu. Wakati alirudi nilimuambia: mutoto alizaliwa hivi, ni sisi hatukuonaka. Akanisadiki. Bote balinisadiki."

Docteur alishika taa yake ndogo, akaangalia jicho ya Lusenge wakati murefu, halafu ile ya kuume.

"Ni kweli," alisema. "Hii ni kovu ya kuungua, si ugonjwa. Ile ingine ni nzima. Papa, nitaandika kama unaweza kutembesha gari ndogo, na kila mwaka utarudi nikuone. Camion, hapana. Hiyo siwezi."

Lusenge alikamata karatasi na mikono mbili. "Aksanti, Docteur." Akatoka mbele yangu.

Inje, ku barabara, pikipiki zilikuwa zinapita na vumbi mingi. Alisimama pembeni yangu, akikunja ile karatasi, akiikunjua.

"Dispensaire ya bagonjwa haikukuwa Kipese?"

"Ilikuwa."

"Mbali?"

Ningeweza kusema mbali. Baba yake amekufa, shangazi zake bamekufa, hakuna mutu wa kunikatalia.

"Hapana. Nyuma ya soko. Nilipita mbele ya mulango yake, kwenda na kurudi."

Aliitika na kichwa, kama mutu mwenye bamemuonyesha njia. Kisha akasimamisha motard mumoja na pikipiki yake, akamuambia anifikishe Bulengera polepole, juu mama ni muzee. Yeye alienda kwa miguu kurudisha funguo za camion kwa mwenye nayo.

Ile magaribi tulikula bote. Emérence alikwisha kuambiwa. Aliniwekea chakula na mikono yenye heshima, bila kuniangalia. Lusenge alikaa kuume yangu, jicho ya kushoto upande yangu. Alisema habari ya taxi moja yenye inatafuta chauffeur mu muji. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nilisukuma sahani ya mboga ya sombe mpaka karibu na mukono yake. Hakuiona. Sikumuita. Niliacha mukono yangu ku sahani, nikangoja.