Tanuri Lililowaka Tupu

Siku hiyo niligombana na kaka yangu Mbwana hadi koo likanikauka. Alisema kuni zinatumaliza, na mambo yakiendelea hivi, Idi ikipita tunafunga kiwanda cha mikate ya boflo alichotuachia baba. "Mwanakombo, tunaoka alfajiri na jioni tu. Mchana kutwa tanuri linawaka tupu, linamwokea nani?" Nikamjibu kwamba baba hakulizima maisha yake yote, na siku likizimwa, baraka itatoka. Akaondoka kwa hasira. Nami nikajilaza juu ya magunia ya unga, machozi yakinilengalenga, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ngeni, kila nyumba ina moto mkubwa mlangoni na hakuna chungu juu yake. Mzee mmoja mnene, mchangamfu, akanivuta kitini. "Karibu mwanangu, mimi ni Mazoea. Hapa hakuna anayekuuliza kitu." Loo, kiti chake kilikuwa kitamu! Mkewe, Hofu, alikuwa akitupa kuni motoni huku akinong'ona, "Usiguse, usiguse, utaharibu." Binti yao Shughuli akapita mbio, akisema mambo ya moto huo atayaangalia kesho. Nilipochungulia nyuma, msitu ulikuwa umekwisha, na watu walikuwa wakivunja milango yao wenyewe ili wachochee. Mlango mmoja ulikuwa wa kiwanda chetu. Nikapiga ukelele.

Mwanamke mwenye unga mikononi akanishika bega. Alikuwa Busara. "Taratibu, mama. Unalinda nini?"

"Baraka ya baba."

"Baba yako alioka alfajiri, akaoka adhuhuri, akaoka jioni. Moto wake haukuzimika kwa sababu kazi yake haikukatika. Wewe umeushika moto, kazi umeiacha njiani."

Nilikasirika, siwafichi. Nani kamwita? "Na tanuri likipoa je?"

"Lizime, ulifunge mlango, halafu jioni uliguse."

Nikazinduka, jua bado kali. Nilivuta kuni nje, nikazifukia mchangani, nikafunga mlango wa tanuri kama ninayemzika baba mara ya pili.

Jioni Mbwana alinikuta nimeegemea ukuta wa tanuri.

"Umelizima? Wewe?"

"Njoo uguse."

Akaweka kiganja kwenye matofali. Yalikuwa yangali na joto la kutosha kuokea.

"Baba hajaondoka," alisema, akakunja mikono ya shati, akaanza kukanda.