Kipa wa Kushoto

Darasani walimwita Ndivyo, na jina likamganda. Akipata sifuri ya hesabu, alisema, "Ndivyo ilivyo." Akipangiwa kufagia wakati zamu yake imekwisha, "Ndivyo ilivyo." Hata siku aliyoongoza mtihani wa kemia, mwalimu alipomsifu mbele ya wenzake, alijibu, "Bahati tu, mwalimu."

Mwalimu wa kemia alikuwa mama mfupi asiyekosa chaki kwenye kiwiko. Akamkazia macho. "Kumbe aliyejifungia maktaba wiki nzima ni bahati? Basi kamwite, nimpe yeye hizo alama."

Darasa zima likaangua kicheko. Ndivyo naye akacheka, ila hakuona amekosea wapi.

Tusimlaumu. Nyumbani kwao mambo yalimfikia yakiwa yameshaamuliwa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, mwenye mkono mwepesi na mapenzi mengi, na aliamini kwamba kitambaa asichokikata yeye lazima kitaharibika. Mwanawe pia. Yeye ndiye aliyemwamsha, aliyempangia begi, aliyemchagulia masomo, na aliyekwenda shuleni kumwombea radhi kila palipotokea kosa. Baba, kinyozi, alikuwa mtu wa mizaha. Ukimuuliza jambo, alimwelekezea mkewe kitana na kusema, "Muulize rais."

Mahali pekee ambapo mkono wa mama haukufika ni golini. Huko nako Ndivyo hakwenda kwa hiari. Kipa aliumwa, mwalimu wa michezo akaangaza huku na huku, akamwona msichana mrefu kuliko wote amesimama bila kazi. Penalti ya kwanza aliyopigiwa alifumba macho akajirusha kushoto, na mpira ukamkuta kifuani. Shule nzima ikashangilia. Tangu siku hiyo aliamini nyota yake iko kushoto. Kila penalti, kushoto. Baadhi alizidaka, nyingi zilipita kulia naye kalala upande wa pili, vumbi mdomoni. Hakuumia. Ndivyo ilivyo.

Halafu shule ya jirani ikaja kwa mechi ya kirafiki. Ikaisha sare, wakaenda penalti, na wasichana wale wakapiga zote kulia. Wa mwisho hata hakujisumbua kukimbia. Aliusukuma mpira ukabingirika taratibu kama chungwa lililodondoka kapuni, ukaingia wavuni huku Ndivyo, kalala kushoto, anauangalia unavyopita. Watazamaji walicheka mpaka wakashikana mabega.

Njiani kurudi aliandamana na rafiki yake, beki, ambaye kwa ukali wa ulimi walimwita Pilipili.

"Unajua kwa nini tumefungwa?" Pilipili akamuuliza.

"Leo sikuwa na bahati."

"Bahati? Mwenzangu, hata mbuzi angejua pa kupiga! Wote wanajua unaruka kushoto. Wanajua kabla wewe hujajua. Wanakuendesha kama baiskeli."

Neno hilo likamchoma. Alilala nalo, akaamka nalo. Kwa mara ya kwanza ilimjia kwamba kushoto hakukuwa na nyota yoyote. Kulikuwa na yeye tu, anafanya jambo lile lile. Na jambo analolifanya mwenyewe, si anaweza kuliacha?

Akamwomba Pilipili ampigie penalti asubuhi, kabla ya kengele. Safari hii hakufumba macho. Alitazama mguu wa mpigaji, ule usiopiga, unaobaki chini; akagundua kwamba mara nyingi vidole vyake huelekea kule kule mpira unakokwenda. Mara nyingi, si zote. Alipokosa, alijua amekosa nini. Alifanya haraka. Au alitazama mpira badala ya mguu.

Lakini mazoezi ya asubuhi yalitaka mtu wa kuamka mapema, na hapo ndipo ilipokuwa kazi.

"Mama," alisema jioni moja, "kuanzia kesho usiniamshe. Nitaamka mwenyewe."

Mama alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja. "Utachelewa."

"Nikichelewa, nimechelewa mimi."

"Haya!" baba akadakia. "Nchi imepinduliwa."

Wiki haikuisha kabla hajalala fofofo mpaka jua likampiga usoni. Baadaye baba alimsimulia yaliyotokea: mama alisimama mlangoni pa chumba chake, mkono juu, tayari kubisha, naye baba akamvuta kwa ncha ya kanga mpaka jikoni. Mama akarudi kwenye cherehani akashona mkono wa gauni nje ndani.

Ndivyo alipotoka mbio, mama tayari alikuwa anavaa viatu. "Twende nikakuombee kwa mwalimu."

"Hapana, mama. Nimelala mwenyewe, nitasema mwenyewe."

Akasema, na akapewa ukumbi mzima aupige deki. Magoti yaliuma, maji yaligeuka rangi ya chai. Ajabu ni kwamba hakunung'unika. Adhabu ilikuwa yake, imemtosha kama kiatu cha saizi yake. Kesho yake alikuwa uwanjani kabla ya Pilipili.

Mechi ya marudiano nayo ikaishia kwenye penalti. Wapinzani walikuja wanachekelea. Wa kwanza akapiga kulia, akamkuta Ndivyo yupo huko huko anamsubiri. Kicheko kikakatika. Aliyefuata akamdanganya kwa mguu, goli. Mwingine akadakwa. Wa mwisho akayumbisha kiuno, Ndivyo akawahi kuruka, mpira ukapita pale alipokuwa amesimama. Kina Ndivyo wakafungwa, kwa tofauti ya goli moja.

Mwalimu wa michezo akaja kumshika bega. "Usijali, mwanangu. Penalti ni bahati nasibu."

"Si bahati, mwalimu. Ile ya mwisho nilifanya haraka. Ningesubiri kidogo ningeidaka." Alisema hivyo huku anatabasamu.

Mama alikuwa ameacha cherehani akaja kutazama, kwa mara ya kwanza. Walirudi nyumbani pamoja.

"Mbona unacheka? Si mmefungwa?"

"Tumefungwa. Lakini najua tumefungwa vipi." Kisha, kwa kuwa siku ilikuwa njema, akaongeza, "Mama, mwaka ujao nataka kuendelea na kemia. Biashara siitaki."

"Kemia itakupa kazi gani?"

"Bado sijui. Nitauliza."

Mama alitembea kitambo akimpima mwanawe kwa jicho, mabega, urefu wa mikono, kama anavyowapima wateja.

"Hiyo jezi imekubana kwapani," alisema mwishowe. "Nitakushonea nyingine. Unataka rangi gani?"

Hakuwahi kumuuliza rangi hata siku moja. Ndivyo alipita duka la kwanza, la pili, akitazama vitambaa vilivyotundikwa milangoni, na mama akamsubiri.

"Njano," alisema. "Ile inayowaka."