Malkia Hasalimii Watu

Kikundi chetu cha maigizo kina desturi yake: mchezo ukiisha, waigizaji wote hutoka mbele ya pazia kusalimia watu, isipokuwa aliyeigiza mwovu. Yeye hubaki ndani akisikiliza makofi ya wenzake, kama mtu aliyefungiwa jikoni siku ya sherehe yake mwenyewe.

Safari hii mwovu alikuwa shangazi yangu. Mimi ni fundi wa mavazi tu, nashona na kupiga pasi, lakini mchezo naujua wote kwa kuusikia. Ni mkasa wa zamani. Mfalme amekufa, mtoto wake bado mdogo, na shemeji wa malkia anakinyemelea kiti cha enzi. Malkia naye anakitaka. Hafichi: anakitaka kwa ajili ya mtoto, na anakitaka kwa ajili yake. Basi anamtuma shemeji vitani, mstari wa mbele, akijua harudi. Anatawala, mji unashiba. Mtoto anakua, anaujua ukweli, anamhukumu mama yake kifo.

"Nitatoka kusalimia," shangazi alimwambia Mwalimu, ndivyo tunavyomwita kiongozi wetu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nakunja pindo la gauni lake.

"Muuaji hasalimii watu."

"Na shemeji, aliyetaka kumwondoa mtoto?"

"Yule anauawa. Anatoka."

"Kumbe kwenu kufa ni kama kuoga, mtu anatoka msafi."

Nilicheka hadi nikajichoma pini. Mwalimu hakucheka. "Ukitoka bila ruhusa yangu, gauni hilo kesho analivaa mwingine."

"Na ruhusa inapatikanaje?"

"Watu wenyewe waniambie. Nitasimama hapa kwenye pazia nisikilize."

Nilidhani shangazi atamlainisha malkia, amwage machozi pale anapotoa amri ili watu wamwonee huruma. Machozi shangazi anayo, ukitaka hata sasa hivi. Lakini kabla ya onyesho aliniita kando.

"Mwanangu, lile shati la mwanamfalme, kifungo cha juu kilegeze. Kining'inie. Halafu nitungie uzi kwenye sindano."

"Utashona jukwaani, shangazi?"

"Kwani malkia hana mtoto?"

Ilipofika ile amri, alikaa na shati mapajani, akishona. Askari amesimama, anasubiri. Shangazi hakulia wala hakupandisha sauti. "Mpelekeni shemeji mstari wa mbele," akasema. Akauzungusha uzi chini ya kifungo vile vile anavyofanya nyumbani, akaukata kwa meno, akakivuta kidogo kuona kama kimekaza. Nilimwogopa, na papo hapo nikatamani lile shati liwe langu.

Mwishoni, alipoanguka, watu wakazomea. Nilimtazama Mwalimu nikajua tumekwisha. Lakini mama mmoja safu za nyuma akasema, "Mnamzomea nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemwachia kiti," mwanamume akamjibu.

"Na mtoto ungemwachia?"

Basi ubishi ukawaka, safu hii na ile, hakuna anayeondoka. Wenzetu waliotoka kusalimia wakabaki wameinama bila kupigiwa makofi, pamoja na marehemu shemeji.

Shangazi alikuwa amekuja kusimama nyuma ya pazia, jasho linamtiririka.

"Wamekuzomea," Mwalimu akamwambia.

"Wamenizomea, ndiyo. Sikukuomba useme malkia hana hatia. Ameua mtu. Nataka wamtazame usoni huku wakibishana, basi."

Mwalimu akasikiliza tena kidogo. Kisha akalishika pazia, akalivuta kando kwa mkono wake mwenyewe ili shangazi apite.

Shangazi hakuinama. Alisimama amenyooka, huku wanazomea, huku wanapiga makofi, naye akiwatazama wote sawasawa mpaka wakanyamaza wenyewe. Sijawahi kuona mtu amesimama vile.

Mwalimu alikuwa bado ameshika pazia. Hakunigeukia.

"Fundi," akasema, "kesho kile kifungo kilegeze tena."