Maharage Mawili ya Mke Wangu

Mke wangu alifanya kazi ya kupokea simu kwa miaka ishirini na tisa. Ofisi yao ilikuwa na ghorofa saba, na kila aliyepiga alikutana kwanza na sauti yake. Aliweza kujua nani amekasirika kabla hajataja shida yake, nani anadanganya kuwa yuko njiani, na nani amepiga tu kwa sababu hana wa kuzungumza naye. Mimi ni fundi makochi. Tulijuana nilipoitwa kushona upya viti vya mapokezi. Kazi ya siku mbili niliifanya kwa siku tisa, na bosi wao mpaka anastaafu hakujua kwa nini.

Masikio hayo hayo ndiyo yaliyokuja kumsaliti. Yalianza polepole, la kulia kwanza, kisha la kushoto, hadi miaka sita iliyopita ikawa nikitaka kumwambia kitu lazima nisimame mbele yake nipaze sauti. Mwanzoni nilipaza kila kitu. Baadaye nikaanza kuchagua. "Mgeni!" "Gesi imekwisha!" "Mvua, anua nguo!" Hayo yanapigika kelele. Lakini nani atapaza sauti kusema kwamba leo nimemwona bwana mmoja mtanashati amevaa viatu viwili visivyofanana? Jambo dogo ukilipigia kelele linakufia mdomoni, na mwenzio anakutumbulia macho akidhani kuna msiba. Nikaacha kumwambia mambo madogo. Yeye naye akaacha kuuliza. Hatukugombana hata siku moja, na mimi nilikuwa mpweke ndani ya nyumba yenye mke.

Mwaka huu binti yetu, yule mfamasia, akaja na boksi dogo la kutosha kiganjani. Ndani mlikuwa na vidude viwili vya kuweka masikioni, ukubwa na umbo la maharage, na maharage ndilo jina nililovipa, maana lile lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa na herufi na namba kama la dawa. Hayana waya. Yanaongea na simu ya mama yake kwa blutuuthi, na yakiishiwa chaji yanarudishwa ndani ya boksi lake yalale.

"Duka limetupa wiki mbili za kujaribu," binti alituambia. "Yakimfaa mama, yanabaki. Yasipomfaa, nakuja Jumamosi ya wiki ya pili, mchana, kuyachukua, na hakuna atakayelaumiwa."

Mimi na vifaa vya kisasa hatupikiki chungu kimoja. Simu yangu ni ya vibonyezo na sioni haya. Nikasema moyoni, wiki mbili si nyingi, zitapita.

Siku ya kwanza mke wangu alikunja uso tangu asubuhi. Alisikia bomba linavyovuja, alisikia mashine ya kinyozi, jirani yetu wa ukuta mmoja, akasikia hata slipa zangu.

"Fundi," akaniambia (hajawahi kuniita jina jingine), "hii nyundo yako ndivyo inavyopiga kelele siku zote?"

"Siku zote."

"Na mimi nilikuwa naivumilia?"

"Ulikuwa husikii."

"Kabla sijawa kiziwi, nasema."

"Kabla hujawa kiziwi ulikuwa unanipenda."

Akacheka. Nami nilikuwa nimelisema lile kwa sauti ya kawaida, nikiwa nimempa mgongo, mdomoni nina misumari miwili.

Siku ya tatu chai ilipoa mezani tukiwa bado tunazungumza. Nilimweleza habari ya yule bwana wa viatu, ambayo nilikuwa nayo kifuani miaka minne. Akanibishia. Akasema haiwezekani kimoja kiwe cheusi na kingine cha kahawia, lazima nilipigwa na jua, na viatu nimeviona mimi! Nilikuwa nimesahau kwamba mke wangu ni mbishi. Nilipanda juu, nikala kiapo, naye akashikilia lake, na nilipokwenda karakana baada ya hapo nilijikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyepewa zawadi.

Sasa, yale maharage yalikuwa na ujanja mwingine. Kwenye simu ya mke wangu kulikuwa na alama ya sikio, na ukiibonyeza, simu inageuka kuwa maikrofoni. Iache simu chumba kimoja, nenda zako chumba kingine, na yote yanayosemwa karibu na simu yatakufuata masikioni. Binti alisema inafaa kwa mikutano na mahubiri. Na soketi isiyo na matata nyumbani kwetu ni moja tu, iko juu ya meza yangu ya kazi, na hapo ndipo simu ya mama watoto inapochajiwa.

Jumanne ya wiki ya pili akaja karani wa benki kuulizia kochi lake. Kochi lilikuwa limelala kifudifudi, tumbo wazi, kazi haijaanza. Sababu ilikuwa paka. Paka wa kijivu, asiye na mwenyewe, alikuwa ameingia kupitia lile tumbo na kuzaa watoto wanne katikati ya springi. Nani atapiga misumari juu ya mzazi? Lakini ningemwambia karani kuna paka ndani ya kochi lake, angelichukua siku ile ile. Nikamwambia kitambaa hakijafika.

"Fundi! Acha uongo!" Sauti ilitoka uani. "Kitambaa kipo tangu wiki iliyopita, mimi mwenyewe nilikipokea!"

Nikageuka. Simu ilikuwa mezani, alama ya sikio inawaka. Karani naye aligeuka, akatazama rafu, na kitambaa chake cha kijani kikamtazama.

"Na umri wako huo, mzee wangu," akasema, akaondoka bila kuaga.

Niliingia uani nimepandwa na mori. Ningeweza kumweleza mke wangu habari ya paka kwa maneno matano. Badala yake nikasema: "Umeniaibisha mbele ya mteja! Yarudishe hayo maharage! Yarudishe yalikotoka, tulikuwa tunaishi vizuri bila hayo!"

Alinitazama kidogo. Kisha akanijibu kwa ile sauti yake ya ofisini, tulivu, isiyo na kosa, ile aliyowapa watu wakali waliopiga simu kutukana.

"Nimekuelewa," akasema.

Heri angenirushia ndoo.

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, aliniongelesha yale tu yasiyokwepeka. Chakula, mgeni, mvua. Nilisikia kila neno na nilitamani nisisikie. Nilijua Jumamosi mchana binti atakuja na mkoba wake, mama yake atampa boksi, na kuanzia hapo mpaka mmoja wetu afe nitakuwa mtu wa kupaza maneno matatu kwa siku. Na mwenye kosa ni mimi. Nilitakiwa kusema samahani kabla ya Jumamosi mchana. Lakini kuomba radhi uso kwa uso ni kazi ambayo sijawahi kuiweza. Nikifika mbele yake ulimi unakuwa mzito, natafuta kitu cha kurekebisha, nakaza msumari wowote ulio karibu.

Jumamosi asubuhi nilimwona mbele ya kioo, boksi mkononi, vidole sikioni. Halafu akajifunga kilemba chake, akachukua beseni la nguo, akatoka uani. Simu yake akaiacha kwenye chaji, mezani kwangu.

Nikaitazama ile simu. Wazo likanijia, na nikajiona mjanja kupita watu wote. Sikuwa na haja ya kumtazama usoni! Nilifunga mlango wa karakana, nikabonyeza alama ya sikio kwa kidole gumba. Chini yake kulikuwa na maandishi mekundu. Sikuwa na miwani, sikuyasoma. Nikakohoa.

"Mke wangu," nikaiambia simu, "ni mimi."

Nilisikia upuuzi wa maneno yangu, lakini nilishaanza. Nikasema usiyarudishe. Nikasema nilikuwa na hasira, na hasira zangu unazijua, ni za moto wa karatasi. Nikasema kitambaa nilikidanganyia kwa sababu ya paka mzazi. Nikasema kwa miaka sita nimekuwa nikikusanya mambo madogo kwa ajili yako kama mtu anayeweka vifungo ndani ya kopo, na sasa kopo limejaa. Nikasema mambo mengine ambayo hata siku ya harusi sikuyasema. Yalichukua kama dakika tano. Nilikuwa natokwa jasho kuliko siku ya kuhamisha kabati.

Kupitia dirisha nilimwona anasuuza shuka. Nilipofika kwenye habari ya kopo aliinua mkono akajifuta jicho. Moyo ukanilainika. Amesikia, nikasema. Yamemwingia.

Nikatoka uani kifua mbele, nikasimama karibu naye, nikangoja.

Aliinua kichwa. "Unataka nini?"

Nikajionyesha sikio, nikatabasamu.

"Masikio yamefanya nini?" akauliza. Akasogeza kilemba juu. Masikio yalikuwa matupu. "Nimeyavua tangu asubuhi. Nimeyafuta vizuri na pamba, yako ndani ya boksi lake, tayari. Mwanao asije akasema tumemchafulia." Akajifuta tena jicho kwa kiwiko. "Hii sabuni nayo inawasha."

Hotuba yote ya maisha yangu nimeihutubia meza.

Ningeweza kugeuka. Nasema ukweli, mguu mmoja ulishageuka. Lakini jua lilikuwa linapanda, na nikaona mchana unakuja na binti yetu ndani yake, na baada yake miaka yote. Nikavuta pumzi.

"USIYARUDISHE!"

"Ulisema mwenyewe niyarudishe."

"NILIKOSEA!"

Mashine ya kinyozi, upande wa pili wa ukuta, ikazimwa. Mke wangu alikuwa ananitazama mdomo, anasoma kila neno, mikono bado imo ndani ya maji.

"Kwa nini?" akauliza.

Swali fupi kama hilo, na jibu lake nilikuwa nimeliacha lote mezani! Nikatafuta neno kubwa linalopigika kelele. Halikuwepo. Yote niliyokuwa nayo yalikuwa madogo.

"PAKA AMEZAA NDANI YA KOCHI LA KARANI!"

"Eti?"

"PAKA! WATOTO WANNE! MMOJA MIGUU YAKE MYEUPE, ANALALA CHALI! TANGU JUMANNE NATAKA KUKWAMBIA!"

Akatoa mikono majini, taratibu.

"NA KINYOZI AMEANZA KUPAKA NYWELE RANGI, ANADHANI HATUJUI!"

"Mzee!" kinyozi akalalamika kutoka ng'ambo ya ukuta, na mteja wake akaangua kicheko.

"NA NINA HAMU YA KUZUNGUMZA NA WEWE! UKO HAPA KILA SIKU NA NINA HAMU NA WEWE!" Lililobaki lilitoka limepasuka, sijui kama lilikuwa kelele au kilio. "SINA MTU MWINGINE WA KUMWAMBIA!"

Mke wangu alijipangusa mikono kwenye kanga, akanipita, akaingia ndani. Nilibaki nimesimama na beseni la shuka, nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima, sijui kama nimeokoa kitu au nimemaliza kila kitu. Kinyozi alikuwa na adabu, hakuwasha mashine.

Akarudi amevua kilemba. Alikuwa anasukuma harage la kushoto kwa ncha ya kidole, likae vizuri. La kulia lilikuwa tayari sikioni. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii hayakuwa ya sabuni. Aliketi kwenye kigoda cha kufulia, akanionyesha ndoo niikalie, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Haya, Fundi," akasema. "Anza upya, mwanzo mpaka mwisho. Na usinipigie kelele, mimi si kiziwi."

Nikaanza na paka, maana ndiye aliyekuwa rahisi. Alinibishia kuhusu idadi yao. Kisha nikamsogelea na kumwambia yale ya dakika tano, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini, na kinyozi hakusikia hata neno.