Nipe Mji

Meno ya mtoto wa miaka saba ni madogo, lakini yakikushika kwa chuki hayana udogo. Yalinishika juu kidogo ya kiwiko, katika chumba cha kuonania, baba yake amesimama mlangoni anatazama.

"Mwache ashibe," baba akasema. "Wewe si umezoea kula familia za watu?"

Kazi yangu wakati ule ilikuwa ustawi wa watoto, kwenye kituo kilichowahifadhi wanawake waliokimbia kipigo. Kina mama walikuwa na mshauri wao. Watoto walikuwa wangu. Watu hudhani kazi hiyo ni kufuta machozi na kukumbatiwa. Mimi nilitukanwa na kina baba, nikalaaniwa na mabibi, na watoto wenyewe wakaniona mchawi. Machoni pa mtoto, nyumba haikuvunjwa na ngumi. Ilivunjwa siku alipotokea mwanamke mgeni akasema, "Vaa viatu, twende."

Huyu aliyening'ata, baba yake alimwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa na mdomo. Mimi hakunipa hata salamu. Alikaa ofisini kwangu pale kituoni amenigeuzia mgongo, akichomoa nyuzi za zulia moja moja, na alipofungua kinywa alisema, "Anti, wewe huna watoto, ndiyo maana unaiba wa wenzako." Maneno yalikuwa ya mtu mzima. Yalimpwaya kama koti la kuazima, lakini alilivaa.

Mahakama ikaruhusu baba amwone, mbele yangu, katika ofisi zilizo mbali na kituo. Asubuhi ile mama yake, ambaye taya lake lilikuwa halijarudi sawasawa, alinishika mkono. "Dada, asijue tu tunapolala. Mengine namwachia Mungu."

Baba alikuwa fundi wa makochi. Alikuja amenyoa, shati limenyooka, akaniamkia kwa adabu zote. Kabla ya kukaa alibonyeza sponji la kiti, akatikisa kichwa. "Aliyeshona hiki alikuwa anawahi mkutano mahali." Hata mimi nilicheka. Chiriku alikuwa tayari yuko shingoni kwake, anamnusa.

Wakaanza mchezo wao.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wananikalia siku nzima nanyamaza; nikichanika ndipo wananiona."

"Kochi!" Mtoto alipiga makofi. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake halisi. Ilikuwa nyembamba, yenye kicheko ndani.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Funga mlango, nitaingia. Hama, nitakufuata."

"Kivuli."

"Sicho."

"Njaa?"

"Siyo. Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa sokoni."

"Sokoni nimetoka sasa hivi, Chiriku wangu, nimechoka na kelele zake." Akamweka pajani, akampapasa nywele. "Nataka mji mpya. Nipe ule mnaolala wewe na mama."

Alilisema kwa sauti ile ile ya mchezo, na mtoto alikuwa tayari amevuta pumzi ya kujibu. Macho yalimng'aa. Alikuwa na zawadi ya kumpa baba yake, zawadi kubwa kuliko zote, na aliijua.

"Tumemaliza," nikasema, nikamtoa pajani.

Hapo ndipo meno yakaingia. Hapo ndipo adabu za fundi zilipomtoka, zikabaki mishipa na mate. Mlinzi alifika mbio akamshika baba mkono kumtoa. Naye fundi, akiwa kizingitini, hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi.

"Jibu la kile kitendawili," akasema polepole, "ni mimi."

Njia nzima ya kurudi Chiriku alipiga teke mgongo wa kiti changu, na mimi nikauacha mguu wake ufanye kazi yake. Jikoni kituoni alimwambia mama yake kwamba nimemfukuza baba bila kosa. Mama alinijia juu mbele ya wenzake. Mtoto hali, hanywi, analilia baba, je, nimeridhika? Nilimweleza. Alinisikiliza huku anaosha sufuria iliyokuwa safi. "Ungeweza kumziba baba yake mdomo kwa utani," akasema. "Umemfanya mtoto aone baba akifukuzwa."

Siku chache baadaye fundi alikwenda kwa dada wa huyo mama kuuliza swali lile lile, bila mchezo. Alimvunja mkono. Yule dada hakujua jibu; hakuwahi kuambiwa.

Tangu siku hiyo mama hakunigombeza tena, ingawa hakunishukuru pia. Ikaamuliwa wahamishiwe mbali, na mimi nikapewa kazi ya kumwandaa mtoto. Nilimwambia ukweli wote anaoweza kuubeba: kwamba baba amemuumiza mamdogo, kwamba anatafutwa na polisi, kwamba huko waendako kuna shule. Alisikiliza ukuta, siyo mimi.

Gari lilikuwa limeshawashwa, mama yuko ndani na mabegi, nilipomfunga mkanda. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Baba ananitafuta?"

Ningeweza kusema uongo. Watoto wa nyumba zile huunusa kabla hujaumaliza.

"Ndiyo," nikasema. "Anakutafuta."

Chiriku akatabasamu, tabasamu la mtoto aliyeambiwa anapendwa.

"Nilijua," akasema.

Mama yake aligeuza uso dirishani. Mimi nikafunga mlango, nikaujaribu tena kama umeshika, na dereva akaondoa gari.